Eksirei ni safi, mbona kiuno bado kinamuuma?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 15 ni mrushaji wa kasi kwenye kriketi, anatumia mkono wa kulia. Kiuno kinamuuma upande wa kushoto kila anaporusha. Eksirei haikuonyesha kitu, tukaambiwa ni misuli, akapewa diklofenaki. Hii ni wiki ya sita. Je, atahitaji upasuaji? – Mama, Mombasa

JIBU: Mama, asirushe tena kuanzia leo. Kijana wa umri huo akiumwa upande ulio kinyume na mkono anaorushia, hasa anapojipinda nyuma, tunashuku ufa kwenye mfupa mwembamba ulio nyuma ya pingili ya uti wa mgongo, mara nyingi ile ya tano ya kiunoni. Mguu wa mbele unapotua, mgongo hupinda nyuma na pembeni huku ukizunguka. Mfupa ambao haujakomaa huchoka kabla haujapata nafasi ya kujijenga upya.

Ufa mchanga ni mwembamba mno, na eksirei huukosa mara nyingi. Omba emuarai (MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku) ya kiuno, na fomu iseme wazi kwamba unatafutwa ufa wa mfupa uliochoka, ili zipigwe pia picha zinazoonyesha majimaji ndani ya mfupa. Kipimo kikilenga diski (mito laini iliyo kati ya pingili) peke yake, ufa unaweza kupitwa.

Ukithibitika, upasuaji huhitajika mara chache sana. Tiba kubwa ni kupumzisha mgongo: miezi mitatu au zaidi bila kurusha wala kukimbia. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Maumivu huisha baada ya wiki chache, kijana anarudi uwanjani, kumbe mfupa haujaunga. Diklofenaki nayo huficha maumivu hayo hayo yanayomwonya. Ufa ukipuuzwa unaweza kutokea na upande wa pili, pingili ikaanza kuteleza mbele.

Kutembea anaruhusiwa. Maumivu yakitulia, aanze na mtaalamu wa fiziotherapia mazoezi ya misuli ya tumbo na makalio, bila kujipinda nyuma. Siku ya kurudi iamuliwe na daktari, si kocha, na aanze na mipira michache, mbio fupi, nusu ya kasi, akirusha siku moja na kupumzika inayofuata.

Wakati wowote akipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au mguu ukilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.