Uaminifu wa bastola ndogo za kubeba: nilichoandika daftarini kwa miaka sita

Mkuu, umeuliza kama bastola ndogo za 9mm (upana wa risasi) za kubeba chini ya nguo zinaaminika sawa na zile kubwa, maana yako mpya imegoma mara mbili ndani ya risasi 50 za kwanza na aliyekuuzia amekwambia itajilainisha yenyewe. Nabeba bastola ndogo mwaka wa sita huu, kwa kibali, na nimeshamiliki tatu. Jibu langu kwa kifupi: usiiuze, lakini pia usiibebe. Bado hujaijua. Kugoma mara mbili katika hamsini kunaweza kuwa ni upya wa chuma, au magazini (kisanduku cha risasi) mbovu, au risasi zenyewe, au kiganja chako. Ukiambiwa "itajilainisha" umeambiwa usubiri tu, na anayebeba silaha ili aokoe roho yake hafai kusubiri asichokijua.

Tuanze na kwa nini udogo unaleta matatizo, kwa sababu ukishaelewa hapo mengine yote yanafuata. Ukifyatua, slaidi (kipande cha chuma cha juu kinachoteleza) inarudi nyuma, inatupa ganda tupu, inakandamiza springi, kisha springi inaisukuma mbele na njiani inaichukua risasi nyingine juu ya magazini. Mtutu wa Glock 17, bastola kubwa, una milimita 114, wa Glock 19, ya wastani, una 102, wa SIG P365, ndogo, kama 79. Kadiri mtutu unavyofupishwa ndivyo slaidi inavyokuwa nyepesi na safari yake kupungua, na springi inakazwa zaidi ili kuizuia. Inakwenda kwa kasi na kurudi kwa kasi. Springi ya magazini nayo lazima iwahi kuinua risasi inayofuata kabla slaidi haijapita juu yake. Ikichelewa kidogo tu, slaidi inafunga chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ikiwa tupu, au inaigonga risasi ubavuni na kila kitu kinasimama. Bastola kubwa inakuvumilia ukikosea. Hii ndogo nayo inafanya kazi vizuri, ila inataka kila kitu kiwe sawa.

Jambo hili si la leo. Bastola ya Colt M1911 ilibuniwa na mtutu wa milimita 127. Mwaka 1985 Colt walipotoa Officer's, toleo lake fupi, yenye mtutu wa milimita 89 hivi, mashine ileile ikaanza kuchagua risasi, na springi zake zikawa za kubadilishwa mapema.

Sasa niseme yangu. Bastola ya kwanza ilikuwa ya 9mm, nyembamba, risasi zimepangwa mstari mmoja. Jina la kampuni naliacha. Katika risasi 300 za mwanzo iligoma mara 11. Nililaumu risasi, nikabadilisha aina, ikaendelea kugoma. Nikalaumu mafuta, nikaisugua kama sufuria, ikaendelea. Mwalimu wangu wa shabaha ndiye aliyeniambia ninunue daftari. Kila inapogoma niandike vitu vinne: magazini namba ngapi (nilizipiga namba kwa rangi nyeupe kwenye kitako), ilikuwa risasi ya ngapi ndani ya hiyo magazini, risasi za aina gani, na ganda au risasi imesimama wapi. Kabla ya kuifungua unaiangalia vizuri, kidole kikiwa nje ya triga na mtutu ukielekea kwenye shabaha. Wengi wanakimbilia kukoki (kuvuta slaidi nyuma), ushahidi unaruka na ganda.

Baada ya wiki tatu daftari likasema lenyewe. Kati ya kugoma 11, mara saba zilikuwa za magazini namba 2, na nyingi kati ya hizo risasi ya mwisho au ya pili kutoka mwisho. Nyumbani nikazilaza magazini zote mbili mezani, kila moja na risasi moja juu. Kwenye namba 1 risasi ilikaa imeinua pua kidogo, tayari kuingia chemba. Kwenye namba 2 ilikuwa imeinamisha pua, na nilipoibonyeza kwa kidole ilipanda tena taratibu mno. Mdomo mmoja wa magazini ulikuwa umefunguka kuliko mwenzake, labda tangu kiwandani, labda iliniangukia kwenye saruji bila kukumbuka. Nikaitupa. Sikuinyoosha kwa koleo, na wewe usijaribu, kwa sababu mdomo ukishapindishwa na kurudishwa hauaminiki tena.

Zikabaki nne. Moja ilikuwa fataki (kiwashio kilicho nyuma ya ganda) mbovu: pini ya kufyatulia iliigonga vizuri, alama ya duara ilionekana katikati, haikulipuka. Tatu zilizobaki zote zilikuwa za namna moja, ganda limesimama wima kwenye mlango wa slaidi kama bomba la moshi, na zote zilitokea mwishoni mwa zoezi, risasi ya 90 na kuendelea. Hapo tatizo lilikuwa mimi. Mkono ulishachoka.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapobishana na kutukanana bure. Slaidi inahitaji kitu cha kusukumana nacho. Ukiishika bastola imara, fremu (mwili wa bastola wenye mpini) inatulia na slaidi inakwenda mwendo wake wote. Kifundo kikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu inaliwa na mkono wako, na slaidi inaishia njiani. Ganda halipati mwendo wa kutoka. Bastola nzito ya chuma inajitegemea kwa uzito wake. Ya plastiki yenye gramu 500 inakutegemea wewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kwangu haijawahi kugoma hata siku moja", na mwingine mwenye bastola ileile anaapa ni takataka, inawezekana wote wawili wanasema kweli. Mwalimu alichukua ile yangu siku ileile, akapiga 60 mfululizo bila kasoro.

Lakini usiishie kwenye "kumbe ni mkono wangu, nitakaza". Siku ya hatari unaweza kuwa umeshika mtoto mkono wa pili, au umeumia, au uko chini kwenye sakafu. Ndiyo maana sasa kila bastola ninayotaka kubeba naipima kwa mkono wa kulia peke yake, halafu wa kushoto peke yake, magazini mbili mbili kwa kila mkono. Ikigoma kwa mkono mmoja, basi kwangu mimi haifai, hata kama kwa mikono miwili inacheza kama ngoma. Ile ya kwanza iligoma kwa mkono wa kushoto mara mbili katika magazini mbili. Niliiachia hapo.

Kitu kidogo cha kuangalia kwako: kama slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha, kabla hujairudisha dukani angalia kidole gumba chako kinakaa wapi. Kwenye mipini hii mifupi gumba linapanda juu ya komeo la slaidi na kulizuia lisiinuke.

Bastola ya pili nilichukua ya silinda, mtutu mfupi, risasi tano za .38 (kipimo kingine cha upana wa risasi), kwa sababu kila mtu aliniambia hiyo haigomi. Ni kweli haina magazini wala slaidi, na Smith & Wesson wametengeneza za fremu ndogo kama Model 36 tangu mwaka 1950, hivyo si kitu cha kubahatisha. Ila yangu ilikuwa ya chuma chepesi sana, na teke lake lilikuwa kali. Siku moja nilipofyatua ya nne, silinda ikakataa kuzunguka. Teke lilikuwa limekivuta kichwa cha risasi ya tano mbele kidogo kutoka kwenye ganda lake, kikajitokeza na kuishika fremu. Ni jambo linalojulikana kwenye hizi nyepesi, kama kichwa cha risasi hakikubanwa vya kutosha. Na bastola ya silinda ikigoma hivyo huifungui kwa kukoki. Nilihangaika nayo mezani kwa dakika nyingi. Haigomi mara kwa mara, ila ikigoma imekufa.

Ya tatu ndiyo ninayobeba sasa, 9mm ndogo ya kizazi kipya, risasi 10 kwenye magazini. Daftari linasomeka risasi 3,140, kugoma mara mbili. Zote mbili zilitokea siku moja, kwenye 2,600 na kitu. Slaidi haikufunga mpaka mwisho, ilibaki nyuma kama unene wa kucha. Maganda nayo tangu wiki iliyotangulia yalikuwa yanaruka mbali kuliko kawaida. Springi ya slaidi ilichoka. Nikaweka mpya, na haijarudia. Kwenye bastola kubwa watu wanakwenda risasi elfu tano na zaidi kwa springi moja. Kwenye hizi ndogo mimi sasa nabadilisha kila 2,500 bila kusubiri dalili. Soma kitabu chake kwanza, kiwanda kikisema mapema zaidi fuata kiwanda.

Halafu kuna jambo ambalo uwanja wa shabaha hautakuonyesha. Bastola ya kubeba inaharibiwa zaidi na kubebwa kuliko kupigwa. Kuna kipindi nilikaa kama miezi mitatu naibeba bila kuipiga wala kuifungua. Siku nilipoitoa risasi na kuvua slaidi, chini ya ile ndoano inayovuta ganda kulikuwa na utando wa nyuzi za nguo, umekandamizwa na mafuta hadi ukawa kama kitambaa kidogo cha kijivu. Niliuchomoa kwa kijiti cha meno, ukatoka mzima. Risasi ya juu kwenye magazini ilikuwa na doa la kijani pale jasho lilipoingia, na vilengeo vya nyuma vilianza kutu. Bastola hiyo ilikuwa imepita majaribio yangu yote. Tangu hapo kila Jumapili naitoa risasi, naangalia chemba kwa macho na kwa kidole, nafuta vumbi, nadondosha tone moja la mafuta kila upande wa reli. Tone moja. Mafuta mengi yanaita vumbi, na kwenye mfereji wa pini usiweke kabisa. Ukibeba mfukoni, mfuko huo uwe wa bastola peke yake, ndani ya ala inayofunika triga. Usichanganye na funguo wala sarafu.

Kwa hilo la kutoa risasi kila wiki, angalia usirudishe ileile chemba mara nyingi. Kila slaidi inapoipiga, kichwa kinaweza kusukumwa ndani ya ganda, na kikizama, nafasi ya baruti inapungua na msukumo unapanda kupita kiasi. Isimamishe wima kando ya risasi mpya ya sanduku lilelile. Ikiwa fupi hata kidogo, usiipige. Mimi nikiingiza risasi chemba mara mbili naiweka kando.

Risasi zenyewe: zile za mazoezi zenye kichwa cha mviringo karibu bastola zote zinazila. Za kujilinda zenye tundu kwenye kichwa zina umbo jingine, na mdomo ule unaweza kukwama kwenye mteremko wa kuingilia chemba. Hizo ndizo utakazobeba, basi hizo ndizo uzipime. Mimi nadai 200 za mazoezi mfululizo bila kugoma, na 100 za kujilinda kupitia kila magazini nitakayobeba. Ikigoma hata moja, sababu ikijulikana naitengeneza na kuanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Ni gharama, najua, na nimeilipa.

Hakikisha pia namba ya bastola yako haimo kwenye zilizoitwa kurudi kiwandani. Ruger walianza kuuza bastola yao ndogo, LCP, mwaka 2008, na mwaka huohuo wakaziita za mwanzo kwa sababu ikianguka iliweza kufyatuka. Mwaka 2013 Smith & Wesson waliwataka wenye bastola yao ya Shield wakague zao kwa sababu inayofanana na hiyo. Kampuni zote mbili zilirekebisha, na bastola hizo bado zinabebwa na watu wengi. Ila mimi sinunui mfano mpya katika mwaka wake wa kwanza.

Na ukiwa unafungua iliyokwama, angalia mkono wako wa kushoto. Slaidi ni fupi kiasi kwamba ukiikamata kwa haraka vidole vinajikuta mbele ya mtutu. Ishike kwa nyuma, juu ya vilengeo vya nyuma. Ukifyatua ukasikia "pfu" dhaifu badala ya mlio, acha hapohapo usikoki tena: kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu.

Kwa hiyo hizo mbili zako, hatujui bado ni za nini. Zilitoka kwenye magazini moja au mbili tofauti? Zilikuwa mwanzo wa magazini au mwisho? Ganda lilisimama wima, au risasi mpya ndiyo iliyogonga chini ya chemba? Zipige namba magazini zako, rudi na risasi 100 za aina moja, mpe na mtu mwingine apige 20, kisha lete majibu hapa tuyaangalie.