Ukingoja Mei umechelewa: namna ya kuingia kwenye bajeti ya kaunti

Kila Mei jumbe hujaa kwenye simu yangu: "Njooni ukumbini, leo ni bajeti, twendeni tukaseme." Kusema tutasema, lakini wakati huo chungu kimeshaipuliwa.

Hapa Kenya, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke makadirio ya bajeti kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo, kufikia Februari 28, hupelekwa waraka wa mikakati ya fedha, ule tunaouita CFSP. Humo ndimo kila idara inapopangiwa kikomo chake: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 kuupitisha. Ukishapita, anayetaka kuongeza upande mmoja sharti apunguze upande mwingine. Ndiyo maana mama anayesimama Mei kudai wodi ya kujifungulia kwenye zahanati hupigiwa makofi, huandikwa jina, na habari ikaishia papo hapo.

Rudi nyuma zaidi. Septemba 1 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP. Mradi usiokuwemo humo ni shida kuupatia pesa baadaye. Kwa hiyo miezi ya kuamka ni Agosti, halafu Januari na Februari. Usitegemee tangazo la gazetini. Kwetu gazeti lenyewe hufika jioni, likifika. Nenda ofisi ya wadi uulize tarehe, na uingie kwenye kundi la WhatsApp la MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hata kama hukumpigia kura.

Sasa ukumbini. Viti vya plastiki, soda, daftari la mahudhurio linazunguka. Afisa anasoma Kiingereza mbio mbio, na nakala za waraka ni chache, zote zimeishia safu ya mbele. Msiende mikono mitupu. Utafuteni waraka mapema, mgawane kurasa, kila mtu asome sehemu yake. Swali linalofanya kazi kuliko hotuba yoyote ni hili: "Hilo liko ukurasa wa ngapi, na limewekewa shilingi ngapi?" Mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, alikuja na daftari la shule la mjukuu wake, akauliza jokofu la samaki tuliloahidiwa liko ukurasa gani. Afisa akafungua, akafunga, akafungua tena. Halikuwemo. Mwaka uliofuata lilikuwemo, na diko letu, pale tunaposhushia samaki, limetajwa kwa jina.

Halafu andika. Maneno ya mdomo hubaki kwa aliyeshika kalamu, na hiyo kalamu si yako. Ukurasa mmoja unatosha: mradi gani, mahali gani, utamfaa nani, na pesa zikatwe wapi. Hili la mwisho watu hulikwepa, nalo ndilo lenye uzito. Tazama fungu la safari na ukarimu, utaokota kitu. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa urudi nayo nyumbani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mambo yakifika huko, karatasi yenye muhuri ni ushahidi. Makofi si ushahidi.

Vijana, na nyinyi. Mswada wa Fedha wa 2024 mliusoma kifungu kwa kifungu, mkaufafanua kwa lugha ambayo hata nyanya alielewa, na Juni 26 Rais akatangaza hatautia saini. Bajeti ya kaunti iko mlangoni penu, lakini ukumbini nawaona wazee watupu. Sielewi.

Mradi kuandikwa si kujengwa. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kaunti kila baada ya miezi mitatu, na humo utaona idara ipi imetumia kiasi gani kwa maendeleo na kiasi gani kwa matumizi ya kawaida. Ukitaka habari za mradi wenu hasa, iandikie kaunti barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na wakikujibu kwamba mkandarasi ameshalipwa, nawe mahali penyewe unaona magugu tu, piga picha, iambatanishe na jibu lao, kisha uwasilishe ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Haki hiyo ni ya kila mtu, na hulazimiki kupitia kwa MCA wako.