Uchungu wa bia nyeusi

SWALI: Nilionja bia nyeusi ya majira ya baridi, imetoka kwenye jokofu saa hiyo hiyo. Nikaambulia uchungu tu, kama nimelamba mkaa. Hiyo kahawa na chokoleti wanayoisifu wenzangu iko wapi? Au watengenezaji huwa wanaitia?

JIBU: Mara nyingi hawatii. Ladha hiyo ni ya kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kilichokaangwa hadi kikawa cheusi, kama buni. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya Uingereza ya pipa la kukikaangia, na tangu hapo kimea kidogo tu kinatosha kuitia weusi bia nzima.

Kilichokuponza ni ubaridi: hufunika harufu na utamu, uchungu ukabaki peke yake. Mimi huiacha nje mpaka ifike nyuzi 10 hadi 13, kisha naimimina kwenye glasi yenye tumbo pana na kuinusa kwanza. Funda la kwanza silihukumu kamwe. Kadiri inavyopata joto, harufu ya ukoko wa mkate hutangulia, kisha kahawa, na mwishoni, karibu na koo, chokoleti chungu. Hapo ndipo ninapoipendea!

Soma kiwango cha kilevi kwenye chupa. Weusi hauonyeshi ukali.