Maswali ya wasomaji: Propela gani inaifaa injini yako?

Mwezi huu mambo ya mbawa na gundi tumeyaweka kando, barua zilizoingia zote zinahusu propela. Nimezifupisha kidogo maana wengine mmeandika mpaka historia ya injini tangu ilipotoka kwenye gari.

SWALI: Fundi salaam. Najenga ndege ya kiti kimoja, injini ni ya VW (Volkswagen, ya gari) ya cc 1915, inatoa kama hp 65 (nguvu farasi) kwa mizunguko 3400 kwa dakika. Rafiki yangu amenipa bure propela ya mbao nzuri sana, imeandikwa 72x44, ilitoka kwenye ndege yenye Continental A65. Ile injini ni hp 65 na yangu ni hp 65, kwa hiyo naona zinalingana. Nimeshaanza kuchonga habu (kitovu) ya kuifungia. Kuna tatizo?

JIBU: Lipo, na habu iache kwanza hapo ilipofika. Hp 65 ya Continental A65 inapatikana kwa mizunguko 2300, yako inapatikana kwa 3400, sasa propela yenyewe haijui hp zako ni ngapi, inachojua ni inazungushwa kwa kasi gani na inasukuma hewa kiasi gani. Nguvu inayotakiwa kuizungusha inapanda kwa mizunguko ukiizidisha mara tatu yenyewe kwa yenyewe, yaani mizunguko ikiwa mara mbili nguvu inatakiwa mara nane. Piga hesabu uone: hiyo propela ikila hp 65 kwa 2300, ukitaka kuifikisha 3400 itakudai hp zaidi ya 200. Hizo huna.

Kitakachotokea ni kwamba utafungulia mafuta yote na injini itagoma mahali fulani kwenye 1900 hivi, hapo VW yako inatoa hp kama 36 tu, nusu na ushee ya uliyoilipia. Utakuwa na injini inayonguruma kwa shida, silinda hedi zinachemka, na ndege haitaki kuondoka chini. Ni sawa na kupandisha mlima na gia ya nne.

Hata ungekuwa na hizo hp 200 bado ncha za propela zingekukatalia. Chukua kipenyo kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 60, unapata kasi ya ncha kwa mita kwa sekunde. Inchi 72 ni mita 1.83, kwa 3400 ncha inakwenda kama mita 325 kwa sekunde na sauti yenyewe inakwenda kama 340 hewa ikiwa ya nyuzi 15. Propela ya mbao ncha zake ni nene, ukipita kama asilimia 80 ya kasi ya sauti unaanza kuzalisha kelele badala ya msukumo, na majirani watakufahamu kabla hujaruka. Propela ya inchi 54 kwa mizunguko hiyohiyo inakuwa mita 244 kwa sekunde, hapo uko salama kabisa. Ndo maana hizi VW zinazozungusha propela moja kwa moja bila giaboksi utaziona na inchi 52, 54, hapo hapo.

Sasa pichi. Kwenye 72x44 namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ile ya pili ndo pichi, ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajipenyeza kwenye kitu kigumu kama skrubu. Hewa sio ngumu kwa hiyo kuna kuteleza. Tuseme ndege yako, kwa umbo lake na waya zake na magurudumu yaliyoachwa wazi, mafuta yote ikiruka usawa, haipandi wala haishuki, inaweza km 180 kwa saa, basi weka kuteleza asilimia 15, unatafuta propela ambayo kwenye karatasi inakwenda km 212 kwa saa kwa mizunguko kama 3300. Ukigawanya unapata mita 1.07 kwa mzunguko, inchi 42. Kwa hiyo 54x42 ndo pa kuanzia, na nasema pa kuanzia kwa sababu hiyo asilimia 15 ni ya kukisia, na pia watengenezaji hawapimi pichi kwa namna moja, wengi wanapima upande bapa wa nyuma wa panga la propela na mwingine ana umbo lake tofauti, kwa hiyo 42 ya huyu inaweza kuwa nzito kuliko 44 ya yule. Ukiagiza usimtajie hp peke yake. Mwambie injini gani, mizunguko mingapi, kasi unayoitegemea ya ndege ikiwa usawa, uzito, na propela inazunguka upande gani ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani, maana VW inategemea umeifunga kwenye ncha ipi ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kuna watu wamepokea propela nzuri ya kuzungukia upande usio wao.

Ile ya rafiki ipake vanishi uitundike ukutani.

SWALI: Ndege yangu tayari inaruka, VW hp 70, mstari mwekundu (kikomo cha mizunguko) 3400, propela ya mbao 54x50. Nikiwa chini na breki mafuta yote inafika 2650, kupanda ni 2700, na usawa nikifungulia yote haipiti 2950. Inapanda kwa uvivu na joto la silinda hedi linanitisha. Jamaa mmoja ananishauri nikate ncha inchi moja kila upande. Nikate?

JIBU: Usikate leo. Kwanza hakikisha takometa (kipima mizunguko) inasema kweli, hizi za bei nafuu zinadanganya kwa mizunguko mia na zaidi bila aibu. Azima ile ya kupima kwa mwanga, mtu asimame salama aimulike propela akiwa nje kwenye mwanga wa jua, sio ndani ya hanga penye taa za mrija maana zile zinawaka na kuzima zenyewe haraka na kipimo kinasoma taa badala ya propela. Usiposahihisha hapo, kila utakachofanya baadaye ni kubahatisha.

Tuseme imesema kweli. Kwamba chini inasoma pungufu ya mstari mwekundu sio ugonjwa, propela ya pichi moja ndivyo ilivyo. Ndege ikiwa imesimama mapanga yanaikuta hewa kwa pembe kali, mzigo unakuwa mkubwa, ikishaanza kwenda mbele pembe inapungua na mizunguko inapanda. Hata Cessna 172 yenye mstari wa 2700, chini mafuta yote inasoma kama 2300 na iko sawa kabisa. Kinachonisumbua kwako ni ile 2950 ya usawa. Hapo ndo ilitakiwa iguse karibu na 3400, wewe umebakiza mizunguko 450 ambayo injini haijawahi kuiona.

Na shida kubwa iko kwenye kupanda. Injini ya namna hii nguvu yake inakwenda karibu sambamba na mizunguko, kwa 2700 unapata hp kama 55, kumi na tano umeziacha chini siku ile ulipochagua 50 badala ya 44. Afu hizo 55 unazitoa mafuta yakiwa wazi yote, ndege inakwenda polepole, hewa ya kupoza ni kidogo, petroli inaweza kuanza kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Hilo joto unaloliona sio la bure.

Kukata ncha kutafanya kazi, nisikudanganye. Mzigo wa propela unafuata kipenyo kwa kipeo cha tano, ukitoka 54 kwenda 52 kwenye karatasi mzigo unashuka kama asilimia 17 na utaona mizunguko mia mbili na kitu inaongezeka. Lakini umepunguza duara la hewa unayoisukuma, na kwa ndege ya polepole hilo duara ndo mali yako, na kilichokatwa hakirudi. Mimi ningeanza na pichi. Mwandikie aliyeitengeneza, mpe namba zako zote tatu, ya chini, ya kupanda na ya usawa, watengenezaji wengine wa mbao wanaweza kuirudisha kwenye meza na kuipunguza pichi inchi kadhaa kwa kuichonga upya. Kama hataki basi nunua ya 54x44 na hiyo ya 50 muuzie mwenye ndege nyembamba ya kasi, itamfaa.

Ukiamua kukata hata hivyo, kata kidogokidogo pande zote sawasawa, ziba mbao mbichi kwa vanishi siku hiyohiyo na usawazishe upya kabla ya kuwasha. Ikiwa ncha zina bati au faiba ya kulinda ukingo, hiyo sio kazi ya gereji ya nyumbani.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimekaa na wenye injini ya Rotax 912 ya hp 80, wanafunga propela ya inchi 68. Mimi na VW ya hp 70 naambiwa 54. Mbona tofauti kubwa hivyo? Na wale wenye propela ya kurekebisha pembe wanajuaje wamefika pembe sahihi?

JIBU: Marahaba kijana. Jibu ni giaboksi. Ile Rotax inazunguka mpaka 5800, lakini kuna gia inagawanya kwa 2.27, kwa hiyo propela inaona kama 2555 tu, ncha haziko mbali na za kwako ingawa propela ni kubwa zaidi. Na propela kubwa inayokwenda taratibu inashika hewa nyingi na kuisukuma kidogo, hiyo inakula nguvu kidogo kwa kila kilo ya msukumo kuliko kushika hewa chache na kuirusha kwa hasira. Tangu mwanzo watu walilijua hilo, ndugu Wright mwaka 1903 walikuwa na hp 12 tu, wakazungusha propela mbili za futi 8 na nusu kwa cheni ili ziende taratibu kuliko injini.

Kurekebisha: unafungua bolti za habu, unaweka kila panga pembe ileile kwa kipima pembe cha dijitali, ukipimia umbali uleule kutoka katikati kwa kila moja, unafunga, unaruka. Sio nusu digrii hapa na robo pale, mapanga yakitofautiana utahisi kwenye meno. Kwenye 912 hizo 5800 zinaruhusiwa dakika 5 tu, 5500 ndo ya kudumu, kwa hiyo mafuta yote ukiwa usawa unatafuta usomaji wa katikati ya hizo mbili. Ikipita ongeza pembe, ikishindwa kufika punguza, kidogokidogo.

Na kwa safari ya kwanza kabisa ya ndege mpya, kosea upande wa pembe ndogo. Propela nyepesi kosa lake linajitokeza juu ukiwa na kasi na urefu, unarudisha mafuta nyuma kidogo basi. Propela nzito kosa lake linajitokeza mwisho wa runwei.

SWALI: Mapanga matatu ni bora kuliko mawili?

JIBU: Sio lazima. Matatu yanakupa utulivu na yanakubali nguvu ileile kwa kipenyo kifupi, kwa hiyo kama magurudumu yako ni mafupi yatakusaidia. Mawili ni mepesi, bei ndogo, na kwa kawaida yanatoa msukumo kidogo zaidi kama kipenyo kinaruhusu. Pima nafasi ya chini kwanza: kanuni za Marekani za ndege ndogo zilidai inchi 7 kutoka ncha hadi ardhini kwa zenye gurudumu la mbele na inchi 9 kwa zenye gurudumu la mkia, wewe unayejenga nyumbani labda hakuna atakayekulazimisha lakini majani na kokoto havisomi kanuni.

SWALI: Naweza kufunga propela ya alumini kwenye VW? Naona ya mbao inanisumbua kukaza bolti kila mara.

JIBU: Mimi sifungi. Krenki ya VW ilibuniwa kwa gari, haikubuniwa kubeba chuma kizito kinachozunguka mbele yake, ukigeuza ndege kwa ghafla ule uzito unaipinda krenki, na mitetemo ya silinda ambayo mbao ingeimeza alumini inairudisha. Krenki zimekatika kwa sababu hiyo, na ikikatika propela inaondoka na kipande.

Kuhusu kukaza, mbao inasinyaa hewa inapokuwa kavu na kuvimba hewa inapokuwa na unyevu. Ikisinyaa bolti zinalegea, propela inaanza kusugua habu na mbao inaungua pale katikati, ukiona unga mweusi au harufu ya kuungua usiwashe tena. Kagua baada ya kuruka mara ya kwanza, tena baada ya saa 25, halafu kila saa 50 na kila msimu unapobadilika kati ya mvua na kiangazi. Tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na namba ya aliyetengeneza propela, sio namba ya bolti iliyoko kwenye jedwali, maana bolti inavumilia zaidi kuliko mbao, ukikaza kwa namba ya bolti unaponda nyuzi za mbao na hazirudi. Kaza kwa kuvuka upande wa pili, kidogokidogo, afu zungusha kwa mkono swichi zikiwa zimezimwa uone ncha zote mbili zinapita mahali pamoja mbele ya kijiti ulichosimamisha chini, zikipishana zaidi ya milimita 3 hivi fungua uanze upya.