Barua kwa mwanangu: risiti za mama yako mkubwa

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimesomewa na mdogo wako, kisha nikavaa miwani nikaisoma mwenyewe. Sisi wazima, mguu wangu tu ndio unaonisumbua kukiwa na baridi.

Unauliza tasnifu yako uiandike juu ya mgawanyo wa mali ya ndoa, au ufuate wenzako kwenye sheria za gesi na mafuta, ambao wanakucheka kwamba unasomea "sheria za jikoni". Halafu mwishoni ukachomekea: hivi hayo wanayoandika wasomi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yamewahi kumfikia mtu kama mama mkubwa? Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, basi nianze nalo.

Mimi unanijua. Miaka yote ya kazi nimekaa mbele ya taipureta, mwandiko wa hakimu kushoto kwangu, nikipiga chapa talaka za watu, mirathi na matunzo ya watoto. Ninachosema kila siku nitakisema tena: mahakama haimsikii mtu, inasikia karatasi. Marehemu baba yako alikuwa akinibishia, anasema hakimu mzuri husikia vyote viwili. Labda. Yeye hakuwahi kuzipiga chapa.

Kesi ya dada unaujua mwisho wake, kwamba alikuja kukaa kwetu na lile kabati. Mwanzo wake hukuelezwa vizuri, ulikuwa darasa la pili. Ile nyumba ilijengwa kwa maandazi, wala sitii chumvi. Mshahara wa mumewe, baba yako mkubwa, ulikuwa wa chakula na ada. Saruji na mabati vilitoka kwenye karai. Dada anaamka saa tisa usiku anakanda unga, asubuhi anauza, jioni anapita dukani kununua bati mbili, wiki nyingine tatu. Kila akinunua, mwenye duka anauliza, "Niandike jina la nani?" Naye anataja jina la mumewe. Ndivyo tulivyofunzwa wote wawili na bibi yako, nyumba ina mwenyewe. Risiti akazitunza kwenye kopo la Kimbo uvunguni, hakupoteza hata moja.

Alipopewa talaka akatoka na nguo zake. Kopo likabaki.

Siku ya kesi, kopo likaja mahakama ya mwanzo mkononi mwa baba yako mkubwa. Risiti zikatolewa moja moja, zikapokelewa kuwa vielelezo vyake. Mmoja wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu, akamgeukia dada: "Na wewe mama, una risiti yoyote?" Dada akasema, "Hizo hapo." Mzee akauliza, "Zina jina lako?"

Lakini sikiliza hili, maana mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Ilipofika zamu yake ya kumuuliza mdaiwa maswali, dada akasimama: "Bati za upande wa jikoni ni geji ngapi?" Baba yako mkubwa akakaa kimya. "Na za barazani?" Kimya. Dada akamgeukia hakimu akamweleza kwamba barazani ni geji 28, jikoni ni geji 30, bati nyembamba zaidi, kwa sababu walipofika jikoni unga ulikuwa umepanda bei. Benchi zima likaangua kicheko, hata karani. Tulirudi nyumbani tukijua tumeshinda.

Hukumu ikasema nyumba ni ya mume, mke alikuwa mama wa nyumbani tu, apewe kitanda, kabati na vyombo.

Na sheria ilikuwepo, Rehema! Hapo ndipo panaponiuma. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataja mchango wa fedha, wa mali au wa kazi. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Hakimu aliliona jina kwenye risiti akaishia hapo. Kama geji za mabati si kuthibitisha vinginevyo, sijui mtu athibitishe nini.

Tena Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Nyalali, ilishasema tangu 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mimi nilijua kwa sababu hakimu wetu wa wilaya aliinukuu, nikaipiga chapa kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mahakama ya mwanzo nani angeitaja? Mawakili wakati ule walikuwa hawaruhusiwi kuingia mle. Nikamwambia dada tukate rufaa. Akasema amekwisha kusimama mbele za watu mara moja, inatosha. Mpaka leo sijui kama nimlaumu.

Sasa, swali lako. Majaji wa Mahakama Kuu walibishana miaka mingi kabla ya 1983, hawa wakisema mke anapopika anatimiza wajibu wake tu, wale wakisema anajenga. Ubishi ule uliandikwa, ukasomwa, ukazaa hukumu. Walimu wa sheria pale Mlimani walianza kamati yao ya msaada wa kisheria tangu 1967. Kwa hiyo siwezi kusema maandishi hayafiki. Lakini Bi Hawa mwenyewe unajua alichoambulia. Mahakama ilikubali hoja yake, kisha ikasema fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia alizitapanya, akaondoka mikono mitupu. Wanawake wangapi wamepata nyumba kwa kuitaja kesi yake! Mimi jambo hilo hulifurahia nikiwa nimeshiba, nikiwa na njaa hulikasirikia.

Baba yako mkubwa hakuwa mtu mbaya, nalo hilo liandike. Viatu vyako vya Idi alinunua yeye, hata baada ya talaka. Naamini kabisa aliziona zile risiti kuwa ni zake, si zilikuwa na jina lake? Mahakama haimsikii mtu.

Sikuchagulii. Gesi ina mshahara, na nyumba yako bado haijaezekwa. Ila tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na tasnifu zenu bado mnaziandika kwa Kiingereza. Hakimu wa kule kwetu na wazee wake wa baraza wataisoma lini hiyo yako? Wenzako wanaocheka jikoni, nao… basi, nimesema sikuchagulii.

Ukija likizo nenda kwa mama yako mkubwa. Usianze kumuuliza alijisikiaje, atakupa chai na kukwambia ni mipango ya Mungu. Muulize bei ya bati mwaka ule, ndipo utoe daftari. Namba ya shauri ninayo, nitakutumia kwa simu. Andika barua ya kuomba jalada mapema, maana masijala watakwambia urudi wiki ijayo, na risiti zote zimo humo.

Mama yako