Sailensa ya dizeli yenye tabo: chungulia ndani kabla hujalipa

Mwaka juzi nilikaa miezi minne nikitafuta nguvu ya gari langu mahali ambapo haikupotelea. Nayaandika haya kwa yeyote mwenye Surf, Prado, Pajero au Land Cruiser ya zamani ya dizeli yenye tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), hasa ukiwa unaishi huku kwetu kwenye milima, ili usipitie njia niliyopita mimi.

Gari langu ni Toyota Hilux Surf ya mwaka 1996, injini 1KZ-TE, lita 3. Nabebea ndizi na viazi kutoka Kiwira na Isongole kuja Mbeya mjini, na Jumapili inabeba familia. Barabara ile naijua kwa gia. Nikiwa na magunia manne nyuma, kipande cha kupanda kutoka Kiwira kwenda Isongole nilikuwa nakimaliza na gia ya tatu bila shida. Ikaanza kudai ya pili. Baadaye ikawa ya pili pamoja na moshi mweusi, na malori yenye mzigo kuliko wangu yakawa yananiomba njia.

Tulianza na filta ya hewa. Tukabadilisha filta ya dizeli. Nozo zinazopulizia dizeli kwenye injini zikafunguliwa zikapimwa, pampu ya dizeli ikashushwa ikapelekwa kwa fundi pampu, nikalipa, ikarudi. Mlima ukabaki vilevile. Mwisho nikaambiwa, "Mama, tabo imechoka hiyo, tutafute nyingine," na nilikuwa nimeshaanza kukusanya hela ya tabo ya mtumba.

Aliyeniokoa ni dereva mmoja wa lori, mzee, aliyekuwa akisubiri gari lake kwenye gereji ileile pale Uyole. Alisikiliza tu, kisha akasema, "Mama, kabla hujanunua tabo, legeza bomba la moshi nyuma ya tabo, upande nalo mlima mara moja. Ukirudi utaniambia." Fundi akafungua nati za flenji ya chini, kile kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti, akasogeza bomba pembeni, akalifunga kwa waya lisigonge chini. Kelele ilikuwa kubwa, watu wakageuka kutuangalia. Tukapanda upande wa Isongole na gia ya tatu, na gari likachanganya kama siku niliyolinunua. Nilinyamaza kwa muda kwenye usukani. Hela yote ile ya pampu na nozo, kumbe moshi ulikuwa hauna pa kutokea.

Tuliporudi niliomba waipasue sailensa ya zamani kwa grinda, nataka kuona. Ndani kulikuwa na bati la ukubwa wa kiganja, mojawapo ya yale yanayogawa vyumba. Limeliwa na kutu ukingoni, limeng'oka, limelala mdomoni mwa bomba kama mfuniko kwenye sufuria. Masizi yamelizunguka, na upande mmoja umebaki upenyo ambao kidole changu cha shahada kilipita kwa shida. Kwa nje sailensa ile haikuwa na tundu hata moja, na gari lilikuwa kimya kuliko zamani. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Tumezoea kwamba sailensa mbovu ni ile inayopiga kelele.

Tabo inazungushwa na moshi. Moshi unatoka kwenye silinda na joto na msukumo wake, unapiga gurudumu dogo linaloweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na gurudumu hilo linazungusha jingine upande wa pili, linalovuta hewa safi na kuisukuma kwenye injini. Kinacholizungusha ni tofauti ya msukumo kabla ya tabo na baada yake. Ukiziba nyuma, tofauti inapungua, tabo inazunguka kivivu, hewa haitoshi, dizeli haiungui yote, moshi unakuwa mweusi. Halafu kuna joto: moshi usiotoka unarudisha joto kwenye injini, na sisi wenye 1KZ tunajua hedi zake, yaani vifuniko vya silinda, zinavyopasuka zikichemka. Kwangu mimi hilo la joto ni kubwa kuliko nguvu. Kupanda polepole utafika, lakini hedi ikipasuka unalala njiani.

Kama bado huamini, angalia malori yanayoshuka Kitonga, au huku kwetu yanayoshuka kwenda Mbalizi. Mengi yana breki ya eksozi. Dereva akiiwasha, kipande cha chuma kinaziba bomba la moshi na injini inalizuia lori. Sailensa iliyoziba inalifanyia gari lako jambo lilelile, ila lenyewe liko kwenye mpando.

Huku juu shida inaongezeka. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Dizeli isiyo na tabo inaumia moja kwa moja. Yenye tabo inajitahidi kufidia, mradi moshi wake upite bila kuzuiwa. Gari linaloonekana zima pwani linaweza kuchoka likifika Makambako, na mwenye gari akailaumu pampu.

Sasa niliponunua sailensa ya kwanza nilikosea, na kosa hili nalikuta kwa wengi. Fundi wa kuchomelea aliniletea sailensa ya mtumba, nzuri, haina kutu, bei ya chini. Mdomo wake ulikuwa mpana, unalingana na bomba langu. Tukaifunga. Gari likawa afadhali kidogo, basi. Wiki ya pili nikaifungua, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Mdomo ulikuwa umechomelewa kipande kipana kwa nje, lakini mbele kidogo ndani bomba lilikuwa jembamba, la gari dogo la petroli. Injini ya petroli ya lita moja na nusu isiyo na tabo inahitaji njia ndogo, kwa hiyo sailensa yake imetengenezwa hivyo. Ukiifunga kwenye dizeli ya lita 3 ni kama kumwaga ndoo ya maji kwenye mdomo wa chupa.

Kwa hiyo usinunue sailensa bila kumulika ndani. Zipo ambazo moshi unaingia chumba kimoja, unageuka, unapita mabomba madogo, unageuka tena, ndipo unatoka. Hizo zinanyamazisha sana, zinadumu, lakini zinabana. Nyingine bomba limenyooka kutoka mdomo hadi mdomo, limetobolewa matundu madogo mengi, na kati ya bomba na bati la nje kuna nyuzi za kioo au za chuma zinazokula sauti. Ukimulika upande huu unaona mwanga upande wa pili. Kwa dizeli yenye tabo mimi nachagua hii ya pili bila kusita. Tabo yenyewe tayari inavunja mapigo ya moshi na kupunguza sauti, na kelele kubwa ya dizeli tunayoisikia inatoka kwenye injini, hivyo sailensa moja ya njia iliyonyooka, yenye mwili mrefu na mnene, inatosha kabisa.

Uliza nyuzi zilizomo ni za nini. Dizeli ya zamani inatoa masizi, na ikiwa inakula oili kidogo, nyuzi za kioo zinalowa, zinagandamana, nyingine zinatoka na moshi, na baada ya muda sauti inaanza kuwa kavu. Zilizozungushiwa kwanza nyuzi za chuma karibu na bomba zinavumilia zaidi. Na kama injini yako inakula oili nyingi, shughulikia hilo kwanza. Sailensa mpya itajaa uchafu uleule.

Kuhusu upana wa bomba, kwa injini za lita 2.5 mpaka 3 kama 1KZ au 4D56 ya Mitsubishi, bomba la inchi 2 na nusu linatosha, na mimi ndilo niliweka. Kwa 1HD-T, ile ya lita 4.2 ya Land Cruiser, inchi 3. Wengine wataona nusu inchi ni kitu kidogo, lakini ukitoka inchi 2 kwenda 2 na nusu, tundu linakuwa kubwa zaidi ya mara moja na nusu. Kupita hapo hupati nguvu yoyote ya maana. Unapata uzito, mvumo ndani ya gari, na bomba linalogonga chesisi kwenye rasta.

Kuna jambo la kona ambalo fundi mzuri utamjulia hapo. Bomba likikunjwa likiwa tupu, linabonyea kwenye kona, na inchi zako mbili na nusu zinageuka mbili bila wewe kujua. Fundi aliyenifanyia mwisho, kijana wa Mwanjelwa, alijaza bomba mchanga mkavu, akaushindilia kwa kugonga gonga pembeni, akaziba ncha zote, ndipo akalipasha moto likawa jekundu na kulipinda taratibu. Lilitoka mviringo kona nzima. Nilipitisha mkono nikahisi hakuna bonde. Hakikisha tu mchanga wote umetoka kabla ya kufunga.

Kutu nayo ina sababu yake. Kila lita ya dizeli inapoungua hutoa karibu lita nzima ya maji, yakiwa mvuke. Asubuhi ya Juni au Julai, hapa Mbeya au kule Njombe, bomba ni la baridi, mvuke unageuka maji na kutulia ndani ya sailensa. Salfa iliyomo kwenye dizeli inayafanya yawe makali. Ukiwasha gari, ukampeleka mtoto shule kilomita mbili, ukazima, maji yale hayakupata joto la kukauka. Sailensa inaoza kutoka ndani kuja nje, na tundu ukiliona jua ndani kumeshaharibika zamani. Kwa hiyo bati jembamba la kawaida, lililopakwa rangi ya fedha likapendeza, nisingelichukua. Chukua lenye mkao mzito mkononi, lililopakwa aluminiamu kiwandani, au stenlesi kama mfuko unaruhusu. Usitegemee sumaku peke yake, maana zipo stenlesi nzuri za eksozi ambazo sumaku inazishika. Na ukiona katundu kadogo chini ya sailensa, upande ulio chini kabisa, kameachwa kwa makusudi maji yatoke. Mafundi wengi wakikaona wanakaziba. Wazuie.

Siku ya kufunga, ng'oa waya wa betri kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, na kama Surf yako ina betri mbili, ng'oa zote. 1KZ-TE ina kompyuta, umeme wa kuchomelea unaweza kuiua. Weka kipande cha fleksi, kile kilichosukwa kwa nyuzi za chuma, kati ya tabo na bomba refu, kwa sababu injini inacheza na chesisi haichezi. Bila hicho, uzito na mtikisiko vinaishia kwenye shingo ya tabo, na hapo ufa ni suala la muda. Omba sailensa ifungwe kwa flenji na bolti, isichomelewe moja kwa moja, ili siku nyingine uweze kuifungua na kuimulika kama nilivyofanya. Bomba lisipite karibu na mipira ya breki, tenki, wala tairi la akiba kama linakaa chini.

Na mdomo wa nyuma uvuke bampa. Hili naliomba kwa moyo wote. Surf ina kile kioo cha nyuma kinachoshuka, na wengi wetu tunakishusha tukibeba mzigo mrefu. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa nyuma inageuka na kuvuta moshi uingie ndani. Watoto wanalala kiti cha nyuma, unadhani wamechoka na safari. Sumu ya moshi haina harufu yake. Bomba likikatwa fupi chini ya sakafu, au likivuja kwenye kiungo, hatari ni ileile. Ukimaliza kufunga, washa injini, ziba mdomo wa nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache, na mwenzako asikilize viungo vyote. Penye mlio wa "sss" pamevuja.

Wapo watakaokushauri ukate sailensa kabisa, uweke bomba tupu, "gari lipumue". Nimepanda gari la namna hiyo kutoka Iringa mpaka Mbeya. Likifika mwendo wa 80 au 90 mvumo unaingia kichwani, tulikuwa hatusikiani, na nguvu haikuzidi hii niliyo nayo leo. Vilevile usikubali fundi aongeze dizeli kwenye pampu kwa kuwa sasa njia ya moshi iko wazi. Acha kwanza uone gari linavyopanda. Langu lilirudi gia ya tatu na moshi mweusi ukaisha, pampu ikiwa kama ilivyotoka kupimwa.

Baada ya wiki mbili nililirudisha kwa yule kijana. Bolti mbili za flenji zilikuwa zimelegea kwa joto, akazikaza. Raba moja ya kuning'inizia, ile ya nyuma kabisa, ilikuwa imeanza kuchanika, nikanunua mbili, moja ikafungwa na nyingine iko kwenye droo ya gari.