Chumvi Inapokolea Majini

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mboga zikilowekwa katika maji ya chumvi hunyauka, ilhali nyama ikilowekwa humo humo hupikika ikiwa laini na yenye majimaji. Nasikia pia kwamba viwanda vya barafu huyatumia. Je, ni maji yale yale?

JIBU: Ni yale yale, kinachotofautiana ni jinsi chumvi ilivyokolea. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na katika joto la kawaida maji yakifikia kama asilimia 26 ya chumvi kwa uzito hayapokei tena, bali punje zinazoongezwa hutuama chini.

Mboga hunyauka kwa sababu utando wa seli zake hupitisha maji na kuizuia chumvi, hivyo maji hutoka kuelekea kule chumvi ilikozidi. Katika nyama, chumvi hupenya polepole na kuzilegeza protini za misuli, nazo huvimba na kuyashikilia maji hata moto unapozikaza. Kwa nyama, asilimia 5 au 6 hutosha. Mboga za kuchachusha huhitaji kati ya asilimia 2 na 5, kiasi kinachowadhoofisha bakteria waharibifu na kuwaacha hai wale watengenezao asidi ya laktiki, ambayo ndiyo huleta ule uchachu. Vipimo hivi vichukuliwe kwa mizani, kwani kijiko cha chumvi ya mawe hubeba chumvi pungufu kuliko kijiko cha chumvi laini.

Ama kuhusu barafu, chumvi huyachelewesha maji kuganda, na yakiwa na asilimia 23 hivi hubaki kimiminika hadi karibu nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri. Kiwandani, makopo ya maji baridi yasiyo na chumvi hutumbukizwa katika maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Yale ya ndani huganda, ya nje huendelea kuzunguka. Ubaya wake ni kutu.

Bahari za ncha za dunia hufanya jambo linalokaribiana na hilo bila mtambo wowote: maji yake yanapoganda, barafu huitema sehemu kubwa ya chumvi, na maji yanayobaki, yakiwa mazito na baridi, huzama na kusaidia kuendesha mikondo ya kilindini.

Viwanda vya kemikali navyo hupitisha umeme katika maji ya chumvi na kupata klorini, kostiki soda na hidrojeni, lakini hilo linastahili jibu lake peke yake.

Kwa kuwa wewe ni mpishi, nikuongezee jambo moja: maji yaliyolowekewa nyama mbichi yamwagwe. Chumvi ya asilimia 5 haiwaui bakteria wote waliotoka katika nyama hiyo, hata maji yakionja makali kiasi gani.